Kamwene Mbele ya Dunia Nzima

Ipogolo, Jumapili

Na bado jirani yangu Mama Tumaini anasema mimi nina majigambo. Sasa ninyamaze vipi, wakati mwanangu Neema ndiye rais wa netiboli ya dunia nzima?

Leo baada ya ibada Mama Tumaini alinikaribisha kwake tuangalie hotuba ya kwanza ya Neema kwenye televisheni. Wiki mbili Neema hajanipigia simu, ila hilo sikulisema. Lakini yeye akanichoma hivyohivyo: "Mama Neema, huyo sasa ni wa wakubwa. Hata salamu yetu ya Kihehe ameshaisahau."

Nikacheka. Lakini ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Neema akasimama na suti yake nyeupe, ukumbi umejaa watu wa kila rangi. Akasema, "Kamwene." Halafu akanyamaza.

Nikaitikia kwa nguvu, "Kamwene!"

"Weee! Unaitikia televisheni?" Mama Tumaini alicheka mpaka akamwaga chai.

Jioni simu ikaita. Neema hata hakunisalimia.

"Mama, uliitikia?"

"Niliitikia, mwanangu. Mtaa mzima umesikia."

Akashusha pumzi. Kumbe alinyamaza makusudi pale mbele, anasema, ili anipe nafasi ya kuitikia, ndipo akaendelea na Kiingereza chake.

Kesho asubuhi naenda kwa Mama Tumaini. Nitaanza na habari za mahindi kwanza, nimcheleweshecheleweshe, halafu ndiyo nimwambie.