Pole ya kwetu, sori ya kwao

Afra mwanangu,

Chai imo kwenye chupa, mkate wa kumimina chini ya sahani. Kula, usiende kwa meneja na tumbo tupu. Chukua na mwavuli, jua la huku halina ahadi.

Nimekugongea mlango hukuitika, na basi halinisubiri. Najua umenuna. Asubuhi uliponiambia wanataka kukufukuza kwa ajili ya yule bibi aliyeanguka kazini kwenu, nikacheka: "Nani alikutuma umwombe radhi, wewe ndiye uliyemsukuma?" Nikakuona machozi yanakulenga, na bado nikaongeza jengine. Mdomo huu! Ningeumeza na chai yangu.

Wewe ulimkuta keshaanguka, ukamwambia sori, sori, kama tunavyompa mtu pole kwetu. Wao wakasikia umekiri. Mwingereza ukimkanyaga mguu sori anasema yeye, lakini kazini neno hilo hilo linageuka ushahidi.

Basi leo sema: "Nilimkuta ameshaanguka, nikamhurumia." Halafu nyamaza. Wakikaa kimya usiwajazie maneno, ndivyo wanavyomvua mtu asiyokusudia kusema. Na meneja akikuuliza u hali gani, mwambie mzima tu. Hataki habari za Pemba.

~~Ukimaliza nipigie.~~ ~~Tutaongea jioni.~~ Nitamwomba mwenzangu Rupa anishikie zamu. Ukitoka utanikuta kituo cha basi mbele ya mlango wao, wakikubakisha au wakikufukuza. Ukitaka kuendelea kuninunia, ninunie pale pale. Nitakaa.

Shangazi yako