Tarehe Niliyoirudisha Nyuma Imemponza Mkwe Wangu

Mama mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana ikipita sijui nitaingiaje tena nyumbani kwa wakwe zangu, na hata kwangu mwenyewe sina uhakika.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye chuo cha udereva, tuna kompyuta tisa, na mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, ndiye karani wa usajili hapo hapo, tena ndiye aliyeniombea kazi. Sasa programu yetu ya kuchapa vyeti ilikuwa ya majaribio ya mwezi mmoja, mkuu wa chuo akaniambia mapema niandike barua ya kuomba ya kudumu, mimi nikasema nitaandika, kila siku nikasema kesho, mpaka programu ikagoma huku mahafali yamebaki siku mbili, basi nikafanya ujanja tunaoujua mafundi, nikarudisha nyuma tarehe za kompyuta tano zinazochapa vyeti, nikaziweka mwaka jana, programu ikadhani mwezi wake bado haujaisha, ikaamka, mkuu akanipongeza mbele za watu na mimi nikapokea pongezi.

Kumbe nimeharibu kwingine. Brauza za hizo tano zikakataa kufungua tovuti yoyote, ukibonyeza zinaandika muunganisho si salama, lakini zile nne, ikiwemo ya mkuu na yangu, zinafungua kama kawaida. Nikafuta historia, nikaitoa brauza nikaiweka upya, nikabadilisha waya, nikazima nikawasha hadi kidole kikauma, wapi. Na kwenye kikao cha wafanyakazi mkuu aliponiuliza tatizo ni nini, mimi badala ya kusema sijui nikasema kompyuta hukataa hivyo ikiwa mtumiaji wake anatembelea kurasa chafu.

Mama mshauri, nilisema tu ili tuendelee na ajenda. Lakini aliyekuwa analalamika kuliko wote ni mkwe wangu, kwa sababu yeye ndiye anayetuma majina ya wanafunzi wa mtihani kwenye tovuti, na kompyuta yake ni mojawapo ya zile tano, na mkuu akaunganisha mwenyewe. Ameandikiwa barua, Ijumaa afike mbele ya kamati aeleze kurasa anazotembelea saa za kazi. Huyu ni mwanamke ambaye filamu ikifika pa kukumbatiana anatoka sebuleni kwenda kuangalia jiko. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mwalimu wa nadharia siku hizi akipita mezani kwake anakohoa.

Wiki iliyopita ndipo nikagundua ni ile tarehe, maana brauza ikiona tarehe ya mashine haipatani na ya tovuti hudhani ni utapeli, na kugundua kwenyewe ni yeye aliyeniita akasema, "Baba, mbona hapa pembeni pananiandikia mwaka jana?" nami kwa woga nikamjibu, "Huwa inachelewa kidogo, mama." Mke wangu naye kila jioni ananiambia, wewe si ndiye fundi, mtetee mama yangu, namwambia bado nachunguza. Nimefikiria Alhamisi nirekebishe zile tarehe kimya kimya, kamati ikijaribu ikute zinafungua, niseme zimepona zenyewe. Nikisema kweli nitafukuzwa. Nifanye nini?

Fundi niliyekwama

MAJIBU

Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kulikoni. Ya pili sikucheka.

Ulifungua kila kitu kwenye hizo mashine, ukaacha kile kimoja ulichokigusa kwa mkono wako. Sawa, fundi yeyote hukosea, na hofu ya kupoteza kazi naijua, haina utani. Kwa hilo nakuonea huruma. Lakini kusema "sijui" kungekugharimu nini? Aibu ya dakika mbili, basi. Ukaona heri useme jambo la kumvua mtu heshima, na alipovuliwa mama wa mkeo ukainamisha kichwa kwenye chai yako.

Huo mpango wako wa Alhamisi uache kabisa. Hebu fikiri kidogo, wewe mtu wa kompyuta. Kamati ikikuta mashine imepona siku moja kabla ya kikao itasema nini? Itasema mama aliogopa, akaacha hizo kurasa, na mashine ikatulia. Utakuwa umemfunga kamba ya mwisho huku unajiona mkombozi. Halafu vile vyeti vilivyochapwa na tarehe ya mwaka jana, umevitazama? Una madereva waliohitimu kabla hawajajiandikisha. Siku askari wa barabarani akisoma tarehe mtamwambia nini, inachelewa kidogo?

Na kuna jambo hukuliona katika barua yako mwenyewe. Mkwe wako ni karani wa usajili, anaandika tarehe kutwa nzima. Aliuona mwaka jana pembeni pa kioo, na hakwenda kumuuliza mkuu, alikuita wewe. Mimi naamini anajua. Amenyamaza, anabeba jina chafu mbele ya walimu wenzake, ili mwanawe asiwe na mume asiye na kazi. Nimeandika hili nikiwa na hasira na wewe, nisamehe.

Nenda kwake leo na mkeo, ukae chini, useme "mama, nimekukosea" kabla hujataja programu yoyote. Kisha nenda kwa mkuu na barua mbili, moja ya kukiri na ile ya kuomba programu, ambayo ungeiandika tangu zamani wala tusingefahamiana. Mpeleke kwenye meza ya mama, rekebisha tarehe akiona kwa macho yake, fungua tovuti. Na umwombe aitishe watu walewale waliokusikia ukisema kurasa chafu, wakusikie ukikanusha, mwalimu wa nadharia akiwa mbele. Ukifukuzwa, utatafuta kazi nyingine. Mkwe mwingine hatafutwi.

Mwisho, jambo la saa. Ukurasa huu wa gazeti unatoka Alhamisi asubuhi, na wasomaji wangu wakubwa ni wanawake wa umri wa mkwe wako, hasa wale ambao siku hizi kompyuta zao hazifungui kitu. Kama bado umekaa, inuka.