Meneja Amesema Toa

Bagara, Jumapili alasiri

Manyunyu tangu asubuhi. Mlima Kwaraa umejifunika wingu, hauonekani kabisa, na nimefurahi hauonekani. Leo sitaki kutazamwa na kitu chochote kikubwa.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wamezoea kunikuta nimemkaba mtu shati. Leo shati nililolikaba ni langu.

Nianze na mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, yuko Darasa la Tatu. Jina lake halitaandikwa hapa. Tumwite Meneja, cheo alichojipa mwenyewe jikoni kwangu.

Dada yangu ni fundi cherehani kule Nakwa, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kazi nyingi, kwa hiyo tangu Januari mtoto analetwa kwangu asubuhi, anachukuliwa jioni. Alipoanza kuja alikuwa na sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Shikamoo yake ilikuwa inaishia kooni. Ukimuuliza anataka chai au uji, anatazama vidole vya miguu yake kama vile jibu liko huko chini.

Mimi nimebishana na kila mwenyekiti wa kila kamati katika mji huu. Nikaona hapa kuna kazi inayonifaa.

Nitaeleza tulichofanya, kwa sababu kabla ya kuharibu nilifanya vizuri, na sitaki majuto yanifanye niongope kuhusu hilo pia.

Kwanza, jiko. Siku ya Jumamosi yeye ndiye Meneja, mimi ni kibarua. Yeye anaamua tunapika nini, mimi natii, hata akiamua maandazi na maharage mchana. Wiki ya kwanza amri zake nilikuwa nainama kuzisikia. Wiki ya tano alinisimamia mikono miwili kiunoni.

“Mjomba, hicho ni kitunguu au umepasua kuni?”

“Samahani, Meneja.”

“Ukirudia nakufukuza kazi.”

Pili, genge la Mama Zubeda pale kona. Mama Zubeda ana redio ambayo haijawahi kuzimwa, na tulikubaliana naye kwamba hatauza nyanya hata moja mpaka asikie neno “nyanya” juu ya redio ile. Siku ya kwanza mtoto alirudi mikono mitupu. Siku ya pili alirudi na nyanya. Siku ya tatu, Mama Zubeda alinisimulia mwenyewe huku akijipigapiga paja kwa kicheko, mtoto alisimama mbele ya genge akasema, “Mama Zubeda, shikamoo, naomba upunguze redio.”

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda, mahindi. Nyuma ya nyumba nina shamba dogo, mahindi na mbaazi. Meneja anasimama mlangoni kwa jiko na gazeti, ukurasa wa michezo. Mimi naingia shambani na daftari, nasimama kwenye mstari tuliokubaliana, naandika ninachosikia. Nikirudi, tunalinganisha. Nikipatia, wiki inayofuata nasogea mstari mmoja nyuma. Nikikosea, nasogea mbele. Tulianza mstari wa pili. Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa wa kumi na moja, mahindi yamenipita kichwa, simwoni kabisa, nasikia tu mtu anatangaza goli kama vile yeye ndiye aliyelifunga.

Sikuhubiri. Sikumwambia “jiamini.” Nawachukia watu wanaomwambia mtoto “jiamini” kwa sauti ileile wanayomwambia “nyamaza.”

Katika hayo ya kumenya na kuonja chumvi, akaanza kunisimulia habari za shule. Moja lilikuwa jambo la aibu lililomtokea darasani, mbele ya wenzake. Alinisimulia akiwa amenipa mgongo, anakoroga mchuzi. Mama yake alikuwa hajui. Nilisikiliza, nikakata kitunguu, nikasema pole. Mpaka hapo nilikuwa mjomba.

Jioni ile ile nikakaa kwenye meza yangu nikawa yule mwingine.

Niliandika kwa hasira safi kabisa. Niliandika juu ya walimu wanaolea ukimya kisha wanalalamika watoto hawaulizi maswali. Hoja zilikuwa za kweli, hata leo nazisimamia. Lakini hoja zilitaka mfano, na mfano nilikuwa nao, wa moto, umetoka jikoni siku ile ile. Nikauweka. “Mpwa wangu wa Darasa la Tatu,” nikaandika, kisha nikasimulia yote.

Andiko hilo lilisomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Watu walilirusha kwenye makundi ya simu, likatua kwenye kundi la wazazi wa shule ile ile.

Na nilifurahi. Niliandike hilo lilivyo. Jumamosi iliyofuata Meneja alikuwa anakanda unga na mimi nilikuwa nachungulia simu chini ya meza kuona nani kanisifu.

Alhamisi dada yangu alipiga simu.

“Kaka, umeandika nini wewe?”

Nikamwambia ni andiko la elimu.

“Mwanangu wanamwita hilo jina tangu Jumatatu. Jina la hiyo aibu uliyoisimulia wewe. Wanaliimba.”

“Sikutaja jina la mtu.”

“Babati hii? Kaka, una dada wangapi?”

Ninaye mmoja. Na mji mzima unajua.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikajibu. Nilizungumzia masilahi ya watoto wote, nikazungumzia historia ya watu waliosema ukweli na gharama waliyolipa, nikamkumbusha kwamba katika miaka yote hii sijawahi kufuta andiko, hata nilipotishwa, hata nilipoitwa ofisini. Nilitetea hoja kwa muda mrefu na nilishinda. Nilimshinda kwa hoja mwanamke mwenye pini mdomoni na gauni la mteja magotini.

Aliponijibu, alizungumza taratibu. “Ukigombana na halmashauri, tunakupigia makofi. Safari hii umegombana na mtoto.”

Akakata simu.

Jana Jumamosi akamleta hata hivyo. Cherehani haingoji.

Hapa palikuwa na aya inayoeleza mtoto alivyofika na alivyokaa. Imetolewa. Nitasema ni nani kaitoa.

Nilimwambia, Meneja, leo tunapika nini? Akasema chochote. Nilimwambia gazeti lipo, na mvua haijaanza. Akasema hapana, asante. Nikauliza shule ikoje.

Akanitazama usoni, jambo ambalo mimi ndiye niliyemfundisha.

“Utaandika?”

Nimeulizwa maswali na watu wenye mamlaka ya kunifanya nisilale nyumbani kwangu. Hakuna hata moja lililonikalisha chini namna ile.

Nikachukua simu, nikakaa naye sakafuni, nikamwonyesha andiko lenyewe. Nikamuuliza kama nilifute. Akatikisa kichwa kukubali. Nikalifuta mbele yake. Sijawahi kufuta andiko, nilijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe, na kumbe kufuta ni kugusa tu kwa kidole, mara moja, kisha wanakuuliza kama una uhakika.

Akaangalia pale palipokuwa na andiko. Kisha akauliza, “Na kwenye simu za watu limetoka?”

Nilitamani sana kusema ndiyo.

“Hapana,” nikasema. “Kule siwezi kulitoa.”

“Sawa,” akasema, kwa ile sauti yake ya Januari.

Wali uliungua. Hatukwenda shambani. Jioni alimfuata mama yake bila kugeuka, na mimi nikabaki na sufuria, nikiisugua na kutunga utetezi. Nimesoma vitabu vingi vya watu walionyang'anywa maneno yao na wenye nguvu. Nimepigia mistari mpaka kurasa zimetoboka. Wakati wote huo nilijiweka upande wa walionyang'anywa.

Leo baada ya ibada nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo juu nilipowasikia getini. Dada yangu alikuwa ameleta mtoto na hakuniambia kwa nini. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema. Alikuwa anataka kujua naandika nini safari hii.

Nikampa simu asome. Akakataa.

“Wewe usome. Nenda mahindini. Mimi nakaa mlangoni.”

“Mstari wa ngapi?”

Akafikiri. “Wa kumi na nne.”

Nikaenda. Manyunyu, tope, suruali ya kanisani. Nikasimama katikati ya mahindi na mbaazi nikasoma kwa sauti yote niliyo nayo, mimi niliyezoea kusomwa na watu nisiowaona, na huyu mmoja pia sikuwa namwona. Nikasoma kuhusu vidole vya miguu. Kimya. Nikasoma kuhusu Mama Zubeda na redio. Nikasikia kicheko, cha dada yangu nafikiri. Nikasoma kuhusu jambo la darasani, bila kulitaja. Kimya. Kisha nikaingia kwenye ile aya ya jana, alivyofika na alivyokaa. Niliiandika nikiwa na machozi. Ilikuwa aya ya toba, na ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilifika sentensi ya pili.

“Toa!”

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaendelea.

“Mjomba! Hiyo toa!”

“Lakini Meneja,” nikapiga kelele kutoka kwenye mahindi, “hapo ndipo ninapoomba radhi!”

“Toa! Hiyo ni yangu!”

Upande wa pili wa uzio, jirani yangu Mama Ester, ambaye sikujua kama yuko nje, akadakia. “We Mjomba! Mtoto kasema toa!”

Nikaitoa. Pale pale, na vidole vyenye maji, simu inateleza. Nilisimama muda kidogo kabla ya kurudi kwa sababu mistari kumi na minne ni mbali, na kila neno lilikuwa limenifikia zima.

Sidai kwamba nimesamehewa. Niliporudi mlangoni hakunikumbatia, watoto wa kweli hawafanyi hivyo kwa amri ya mwandishi. Alisema tu kwamba viatu vyangu vinachafua jiko lake. Kisha akataka niongeze jambo moja, na naliongeza kama alivyolisema: wali wa jana niliunguza mimi, yeye hahusiki.

Dada yangu alikunywa chai yote bila kunitupia neno la ukali, na hilo linanichoma kuliko kama angelitupa. Wakati wa kuondoka akaniambia kesho yeye mwenyewe atakwenda shuleni kuonana na mwalimu. Nikafungua mdomo kumpa hoja za kwenda nazo. Nikaufunga.

Kesho asubuhi Meneja anaingia darasani, na wale wanaoliimba lile jina watakuwepo. Sijui kama sauti ya mlangoni kwa jiko itamfuata mpaka pale. Mahindi hayachekani, watoto wanachekana, na aliyewapa silaha mkononi ni mimi peke yangu.

Jumamosi labda atakuja. Labda atanipa mgongo akikoroga mchuzi na kunisimulia ilivyokwenda.

Kama ilikwenda vizuri au vibaya, ninyi hamtasikia kutoka kwangu.