Mgonjwa wa Mstarini

Jumatatu, 8 Machi 1909

Nimeguswa! Salum nyapara kapita mbele ya mstari na fimbo yake, kanigusa begani. Basi leo nina kazi. Ya kesho Mungu anajua.

Ndivyo tunavyopata kibarua hapa relini. Alfajiri tunapanga mstari, tunaguswa, tunakwenda kuvunja kokoto. Asiyeguswa anarudi Morogoro mjini kubangaiza. Nguvu si hoja. Juzi kaachwa mtu ana kifua kama mlango, na hakuna aliyejua kwa nini.

Tumbo limeniuma tena pale mstarini. Nilipoanza kugonga mawe likaacha. Ajabu kweli.

Jumanne, 9 Machi

Nimeguswa. Usingizi sipati, jogoo akikohoa tu nimeamka. Ahmadi, Mnyamwezi ninayelala naye kibanda kimoja, anasema nasaga meno kama panya. Chakula hakipiti. Wakiniuliza nasema ni Kwaresima, nafunga. Padri angenisifu! Mwongo mkubwa mimi.

Habari ya leo: reli inasonga mbele, kuelekea Kilosa. Vibarua wengi tutaachwa. Watu kumi tu watabaki hapa kutunza njia — kazi ya kudumu, na nyumba! Mgiriki, bwana wetu wa kokoto, atawachagua Jumamosi.

Lazima niwemo. Mjomba wake Modesta, binti ninayetaka kumwoa kule Matombo, alishaniambia wazi: hamtoi mpwa wake kwa mtu asiyejua kama kesho ana kazi. Mzee mkorofi yule. Lakini ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Alhamisi, 11 Machi

Ahmadi kaniua kwa mdomo!

Tuko mstarini, mvua inanyesha, na Bwana mwenyewe kaja kutazama watu wake wa Jumamosi. Tumbo linanikata, jasho linanitoka na baridi yote ile. Ahmadi kaniona, kapaza sauti: "Salum, usimguse Mluguru huyo! Kafa tangu Jumapili, tunangoja sanda tu!"

Mstari mzima ukacheka. Nami nikajibu: "Sanda utaiiba wewe Mnyamwezi, tangu uzaliwe hujavaa nguo mpya!"

Sasa ningefanyaje? Mtani akikurushia, unamrudishia. Wanyamwezi na sisi tumetaniana hivi tangu siku za misafara, hata makaburini.

Lakini Bwana hana mtani. Yeye kasikia "kafa". Kaja, kanivuta kope, kanishika kifundo cha mkono. Moyo ulikuwa unatwanga kama mchi. Akasema mgonjwa hamtaki, nitoke. Ahmadi mbio nyuma yake — Bwana, ni utani tu, huyu mzima, anabeba taruma la chuma la kulazia reli peke yake! Salum naye akaeleza. Mwisho Bwana akasema haya, Jumamosi daktari atatupima, akiniona mzima atanifikiria.

Jioni Ahmadi kaniletea ndizi za kuchoma. Sikula. Nilitamani kumpiga nazo. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia unatozwa kuku, na unachekwa zaidi. Basi hasira nimeimeza, na humo tumboni haijapata pa kukaa.

Ijumaa, 12 Machi

Sina kazi. Nasikia nyundo kwa mbali, mikono inaniwasha. Nimekwenda mtoni, nimerudi, nimekwenda tena.

Naumwa nini mimi? Homa sina. Kikohozi sina. Kwenye mawe mzima, kwenye mstari mgonjwa. Nitamwelezaje daktari jambo kama hilo? Atanicheka.

Jumamosi, 13 Machi

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Naandika kwa sababu nimeamriwa nitulie.

Kanipima mara moja. Kifua safi, miguu mizima, macho mazuri. Moyo tu, unakimbia mno. Mkalimani akanieleza: kaa nje utulie, utaitwa tena. Ukitulia, kazi unayo. Usipotulia, ushike njia.

Nitulie! Najiambia, tulia Dominiko, ni kazi ya kudumu hiyo, ni nyumba, ni Modesta — na kila ninalojiambia linauchochea moyo. Wangenipa hiyo kazi kwanza, mbona ungetulia wenyewe! Naogopa. Naogopa kweli.

Ahmadi yuko nje ya uzio. Yeye kachaguliwa tangu asubuhi lakini hajaondoka, anaona haya. Nilimgeuzia kisogo. Sasa hivi kapiga kelele: "Mluguru! Usife leo, kisu cha mbuzi wa matanga yako sijakinoa!" Askari kamfukuza. Karudi.

Nimecheka. Nimecheka mpaka kalamu imeruka. Naweka vidole shingoni — unapungua? Unapungua! Mtu wa mwisho mbele yangu katoka. Wakiniacha hapa kidogo tu, Ahmadi akasema neno jingine moja —

Mlango unafunguka. Mkalimani anaita jina langu. Moyo umeanza tena.