Bushi Niliyoandika Kuwa Ni Nzima

Jumatano. Upepo wa Chemba unavuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria.

Siku ya tisa hii niko kambini bila wenzangu. Wachorongaji wote, wale wanaotoboa mwamba, wamerudishwa makwao mpaka uchunguzi wa ajali uishe. Tumebaki wawili: mimi niliye fundi mitambo na mlinzi wetu, Mzee Hamisi. Jioni wanawe humletea chakula, wakakaa na kuzungumza Kisandawe. Nasikia vidoko vya lugha yao na vicheko, sielewi hata neno. Mzee hunikaribisha. Mimi hujibu nimeshiba.

Sijashiba. Naogopa kuulizwa habari za Yohana, mchorongaji aliyeumia.

Bora niandike. Bushi ni pete nene ya chuma inayolishika bomba la kuchorongea lisiyumbe. Ikilika, bomba linacheza. Asubuhi ya ajali niliipima ya mtambo wetu, nikaona imelika kupita kiasi. Mpya ilikuwepo stoo. Kuibadilisha ni kazi ya saa mbili, na sisi tulibakiza mita chache tu kumaliza shimo. Nilitaka kuwahi gari la kwenda Gulwe kumwona mama. Kwenye fomu ya ukaguzi nikaandika: nzima.

Saa sita mchana bomba liliyumba, likampiga Yohana mkono wa kulia. Ulivunjika mara mbili.

Ripoti ya awali ikasema mchorongaji alizembea, alisimama karibu mno.

Nikanyamaza.

Leo mchana meneja alinipigia simu. Yohana anaachishwa kazi, nami nisaini maelezo yangu ili faili lifungwe. Nikasema sawa. Nikakata simu, nikakaa juu ya pipa tupu. Kisha nikampigia Yohana, yuko kwake Zuzu.

"Yohana, ile bushi niliipima. Nilijua imekwisha."



"Wiki nzima mke wangu ananilisha kwa kijiko, dada Neema," akasema. "Na mimi nimeshaanza kuamini kwamba nilizembea kweli. Sasa kwa nini unaniambia mimi? Waambie walioandika ripoti."

Akakata.

Nilitamani anitukane. Ingekuwa nafuu.

Nikampigia meneja, nikamweleza yote, hadi safari yangu ya Gulwe.

"Unajua unachokisema, Neema?"

"Najua."

"Basi usiguse chochote kwenye mtambo. Kesho saa mbili gari litakufuata, uje uyaeleze haya mbele ya wachunguzi. Na barua ya kumwachisha Yohana kazi naisimamisha."

Nimemwandikia Yohana ujumbe kumjulisha. Ameusoma, hajajibu. Sina haki ya kumharakisha.

Kazi yangu huenda imeishia hapa, na mama bado hajui lolote. Kesho nitayarudia maneno yaleyale mbele ya watu wote. Yohana akiwepo, sitaangalia chini.