Shangazi Anaisubiri Miwani

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, ila kwanza ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati yake, maana kuna wanaoitafuta bahati maisha yote na kuna sisi inayotufuata mpaka nyumbani: riwaya yangu ya kisayansi imekubaliwa na wachapishaji wa ng'ambo, tena wameipenda hadi wakaniletea miwani ya uhalisia pepe, ile ukiivaa dunia ya kompyuta inakuzunguka pande zote kama vile umo ndani yake. Shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani, lakini kwa televisheni na redio mbovu hunipati, na pale karakana wananiita Profesa wa Waya, jina ambalo sikujipa mwenyewe, nilipendekeza tu.

Sasa sikia. Ndani ya riwaya nimechanganya mitambo na visasili, yaani zile hadithi za kale, na kisasili chenyewe nimekitoa kwa shangazi yangu aliyenilea. Kuna Mama wa Kina, anakaa chini ya maji, anawalea watoto waliochukuliwa na mto, anawachana nywele na kuwafundisha nyimbo, na mzazi akifika ukingoni anaruhusiwa kuwasikia tu, asiingie, maana akiingia mtoto anasahau jina lake. Shangazi zamani alikuwa akitusimulia kwa mbwembwe zote, mpaka mto ulipomchukua binamu yangu, mwanawe wa pekee, na tangu hapo anaisimulia polepole, hasa akifika pale ukingoni.

Mimi nikafanya nini? Nikamgeuza Mama wa Kina kuwa jitu la kwenye gemu, shujaa anavaa miwani, anazama, analipiga risasi, anabonyeza kitufe, mtoto anarudi mzima. Mtoto nikampa mwanya wa binamu na ile tabia yake ya kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, kwa sababu nilimpenda. Siku moja nawasomea wateja sura hiyo, mmoja akasema, "Profesa, hicho kitufe niazime nikajaribu kwenye redio yangu, labda nayo itafufuka," tukaangua kicheko, kumbe shangazi kaja na pasi yake imeungua, kasimama mlangoni, kasikia yote.

Hakulia. Aliniuliza, "Hiyo miwani unayo kweli, mwanangu?"

Na mdomo huu, mbele za watu, ukasema, "Ninayo, shangazi! Ngoja niiunganishe vizuri, nitakuvalisha."

"Haya. Nitangoja."

Sasa kila akitoka sokoni anapita karakana, haulizi pasi, anauliza miwani, na juzi alikuja amesuka nywele upya, eti hataki mtoto amkute yuko ovyo. Mke wangu anasema, "Kamwambie ukweli mama wa watu kabla hajaja na nguo za mtoto." Wenzangu wanasema nimzungushe tu, atasahau. Mshauri, niifute sura ile, au niendelee kumpa moyo?

Kwa kuwa hunijui sura, nakwambia. Wachapishaji hakuna. Miwani hakuna. Nimeiona kwenye picha tu.

Profesa wa Waya

*

Profesa,

Nimecheka nawe hadi kwenye nywele zilizosukwa upya. Hapo nikaacha.

Usijidanganye kwamba shangazi yako hajui kufa ni nini. Anajua kuliko wewe. Hadithi yake ilimpa mahali pa kusimama, pale ukingoni, na amesimama hapo miaka yote bila kukusumbua. Wewe umekuja kumwambia kuna njia ya kushuka. Halafu unaita hiyo kumpa moyo!

Kuchanganya hadithi za kale na miwani ya kompyuta si kosa. Mimi mwenyewe riwaya hizo nazisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, mpaka naitwa dirishani sisikii. Kosa lako ni la ufundi, na wewe ni fundi, kwa hiyo sikuonei huruma. Umemchukua Mama wa Kina ukaliacha sharti lake. Jaribu kung'oa kifaa kimoja ndani ya televisheni useme hiki hakina kazi, tuone picha itatoka wapi. Shujaa wako azame, amwone mtoto, kitufe kiwe mkononi, na ajue kwamba akikibonyeza mtoto atasahau jina lake. Hapo nitafungua ukurasa wa pili. Bunduki tupa.

Lakini riwaya iweke kando kwanza. Usingoje akufuate tena karakana. Nenda wewe kwake, peke yako, bila mkeo wa kukutetea na bila vichekesho. Usianze kumweleza mambo ya mitambo. Sema, "Shangazi, miwani sina, sijawahi kuwa nayo, nilikudanganya mbele za watu." Kisha funga mdomo. Najua kwako hiyo ndiyo kazi. Akikufukuza, toka, na siku ya pili urudi. Akilia, kaa naye. Usithubutu kumwahidi kwamba utaitafuta.

Atakapotulia, muulize kama mwanya na kicheko cha mwanawe vinaweza kubaki kitabuni. Akikataa, vitoe siku hiyo hiyo, hata kama ni mistari mizuri kuliko yote uliyowahi kuandika. Ulimpenda binamu yako, sawa, lakini aliyemzaa ni yeye.

Nenda kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda sokoni.