Rhode Island Uliyonifundisha Bertrams

Baba yangu,

Nimeulizwa swali moja, na nimepewa hadi Ijumaa kulijibu. Mwanasheria wa shirika moja la wakimbizi hapa Johannesburg anataka kujua ni nani aliyeitaja tarehe yangu ya kuzaliwa siku tulipoandikishwa, mwaka 2012. Anasema nikilijibu na kutia sahihi, faili langu linaweza kufunguliwa upya, nami nimfuate Mama na mdogo wangu Amani huko Rhode Island, ambako wewe umelala tangu Februari. Jibu tunalijua mimi na wewe. Kabla sijaliandika, nimeona nikukumbushe masomo yako, maana hukuwa mtu wa kuingia kwenye mtihani bila marudio.

Ulianza mapema 2015. Ndugu yako mmoja wa Uvira, kwetu tulikokimbia, alikuwa ametangulia Rhode Island, na tulijua tukipita mahojiano ya kuhamishiwa Marekani tutapelekwa kwake. Kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi mtu akakuambia kwamba Wamarekani hawamchukui asiyeijua nchi yao. Mwingine angeguna tu. Wewe, mwalimu wa jiografia miaka kumi na minane kabla ya kuwa mlinzi wa magari karibu na uwanja wa Ellis Park, ulikwenda moja kwa moja kwenye duka la intaneti ukachapisha kurasa zinazoeleza jimbo zima. Zote zilikuwa kwa Kiingereza. Ukanipa mimi nizisome, kwa sababu Kiingereza chako kilitosha kuelekeza magari tu.

Basi kila Jumapili baada ya ibada chumba chetu cha mtaa wa Bertrams kikawa darasa. Ulichukua karatasi yangu ya kukatia nguo, ukaibandika ukutani, ukachora kwa chaki yangu ya ufundi. Nilikuambia karatasi ile ni ya kazi ya watu; hukusikia. Ulichora ghuba ya Narragansett inavyoingia ndani ya nchi kavu mpaka karibu kuipasua, ukaandika Providence pale juu inapoishia. Ulitufundisha kwamba ni jimbo dogo kuliko yote Marekani, kwamba linaitwa kisiwa ilhali sehemu yake kubwa si kisiwa, na kwamba mlima wao mrefu kuliko yote uko chini kuliko kitanda tulichokalia, kwa jinsi Johannesburg ilivyo juu. Hilo la mwisho ulilipenda mno. Ulisema watu wanaokaa chini karibu na maji hawana kiburi. Sijui ulilitoa wapi.

Kisha historia. Kulikuwa na mchungaji aliyefukuzwa Massachusetts kwa ajili ya imani yake, wenyeji wa Narragansett wakampokea na kumpa mahali pa kukaa. Hapo ulinisimamisha, ukawageukia Mama na Amani.

"Munaona? Ule naye alikuwa mukimbizi."

Mama akauliza hao waliompokea waliishia wapi. Nikasoma mbele: vita vilikuja, na ardhi yao karibu yote ikaenda. Mama akasema basi huyo hakuwa mkimbizi wa namna yetu, akarudi kwenye sufuria yake. Nilipofika kwenye meli za Newport, zilizopeleka pombe Afrika na kuchukua watu, ulitaka niruke kwa sababu hawataliuliza hilo. Sikuruka. Ulisikiliza ukiwa umeshika chaki, hukuandika kitu.

Amani alikumbuka jambo moja tu, kwamba ndege wa jimbo lile ni kuku mwekundu. "Eish, Baba, kuku?" alisema, akacheka mpaka akakaa chini. Wewe ulimweleza kwa uso mkavu kwamba kuku wao anataga sana, na kwamba jimbo linalomheshimu kuku ni jimbo lenye akili.

Wiki ile ya Aprili, vijana walipokuwa wakivunja maduka ya wageni, tulifunga mlango siku nne. Ulifundisha siku zote nne. Nje makelele, ndani sisi tunataja wilaya tano za Rhode Island kwa sauti ya chini: Providence, Kent, Bristol, Newport, Washington. Niliogopa sana, Baba. Mpaka leo nikisikia neno Bristol nautazama mlango.

Siku ya mahojiano walituuliza habari za Uvira, nani alichoma nyumba, nani alikufa kwanza. Ulitoka umekasirika kama mtu aliyeonewa. "Hata mji mukubwa habakuuliza," ulisema njiani, ukimaanisha mji mkuu, ukalirudia mara tatu kabla hatujafika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani.

Mimi waliniuliza mwaka wa kuzaliwa. Nikasema 1993, kama karatasi ilivyosema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwenye karatasi nilikuwa na ishirini na mmoja, na kwao mtoto akishafika hapo ni mtu mzima, faili lake linatengwa na la wazazi. Nilikutazama. Ulikuwa unafunga mkoba wako.

Hatukuwahi kulisema, kwa hiyo nalisema mimi. Mwaka 2012 ulikuwa umekaa miezi mitatu bila kazi, Mama anaumwa, na karakana moja ya kushona ilikuwa inachukua wasichana wa miaka kumi na minane wenye karatasi zao. Mimi nilikuwa na kumi na sita. Pale dirishani pa kuandikishia wakimbizi ulitaja 1993 bila kusita, wewe uliyewahi kunichapa kwa kuongeza alama moja kwenye jaribio langu la hesabu. Nje uliniambia, ukiniita kwa jina la heshima kwa kuwa nimerithi jina la mama yako, "Mama, ni miaka mbili tu. Itapita." Tulikula kwa miaka hiyo miwili, siwezi kukataa. Lakini haikupita.

Mkaondoka 2016. Mwaka uliofuata milango ya huko ikabanwa, na faili langu likasimama. Wewe ukaendelea kufundisha kwa ujumbe wa sauti. Wananywa maziwa yaliyotiwa sharubati ya kahawa. Uliyajaribu, ukasema ni dawa. Wanachimba chaza matopeni na kuwajaza mikate ndani ya magamba. Bendera yao ina nanga na neno Tumaini. Ukaenda Pawtucket kuona kinu cha zamani kilichosokota pamba kwa nguvu ya mto, ukasema, "Hapa ni wewe fundi ulipaswa kupaona." Ujumbe huo ulikuwa wa dakika sita. Niliusikiliza wote nikingoja neno moja kuhusu ile tarehe, ukamalizia na hali ya hewa. Nilikuwa na hasira nawe, Baba. Bado ninayo, ingawa imepungua makali.

Ulipofariki tuliweka matanga hapa Bertrams siku tatu, maiti ikiwa kwingine. Mazishi niliyaona kwenye simu, theluji pande zote, Mama amevaa koti la mtu mnene. Mwanamke mmoja wa kanisani akaniuliza kama mahali hapo ni ndani ya New York. Nikajikuta nimeinuka, naeleza ghuba, naeleza Providence ilivyokaa juu ya maji, mpaka watu wakaacha kuimba wakanitazama. Nililijua jimbo lote. Sikujua tu kaburi lako liko upande gani wa mji.

Barua hii niliianza Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Juzi nilimpigia Mama. Nilimwambia nikiandika ukweli, utaingia kwenye faili lako: kwamba uliapa uongo mbele ya serikali, wewe mwalimu. Au ninaweza kusema ni mimi niliyekosea, nikakuacha safi, nami nikabaki hapa kwa kuwa kosa litakuwa langu.

"Andika ya kweli," akasema. "Pale alipo habatamufukuza."

Asubuhi hii nimekwenda kwa mwanasheria. Fomu ina mistari mitatu ya maelezo. Kwenye wa kwanza nimeandika kwamba tarehe ilitajwa na baba yangu, na kwamba alijua si ya kweli. Miwili iliyobaki haikutosha kueleza njaa ya mwaka ule, nikaomba karatasi nyingine. Mwanasheria akauliza kama hayo yote ni ya lazima. Nikamwambia ni ya lazima, nikajaza kurasa mbili, mbele na nyuma, jinsi ulivyokuwa unatuachia ugali ukisema umeshakula kazini, wakati kazi huna.

Lala salama katika ardhi yao ya chini, Baba. Sina tena ninachokuficha.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
mwenye miaka ishirini na mitatu.